Askofu Msaidizi wa Mji Uliozama

Kamati ya Jubilei ya Dayosisi yetu imeniomba niandike kurasa chache juu ya cheo cha Askofu Msaidizi wa Ngarasi: asili yake, kazi zake, na faida zake kwa taifa. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu mimi ni Katibu wa Sinodi, na katika nchi yetu katibu akiombwa jambo hukubali kwa moyo mkunjufu. Wameniomba pia nisitie maoni yangu. Hilo halikunipa taabu hata kidogo. Maoni yangu yaliacha kuniuma zamani, kama jino lililokufa.

Nianze basi na asili. Askofu wa kwanza wa Dayosisi alikuwa Mzungu mwenye imani kubwa na ngozi nyepesi. Nyumba yake ilikuwa mlimani, kwenye ubaridi na mawaridi, na kondoo wake wengi walikuwa bondeni, kwenye mbu. Aliwapenda sana kondoo hao, ila hakupenda kuwafuata waliko. Akaandika kwao kuomba askofu wa kumsaidia. Akajibiwa kwamba mtu hawezi kuwa askofu hivi hivi, hewani; ni lazima awe askofu wa mahali fulani, na kwa kuwa mlimani tayari kuna mwenyewe, msaidizi atafutiwe mji mwingine wa kubeba jina lake. Askofu akatandaza ramani mezani, akautafuta mji ulio mbali kuliko yote na nyumba yake. Ndivyo Ngarasi ilivyopata heshima.

Wakati huo Ngarasi ulikuwa mji wa kweli. Ulikuwa na mto, soko la chumvi na samaki wakavu, kanisa la matofali mekundu, na watu waliobishana kutwa nzima juu ya bei bila kugombana. Nayataja haya kwa sababu vijana wa siku hizi hudhani Ngarasi ni jina la cheo tu, kama Kanoni.

Msaidizi wa kwanza alifika Ngarasi na sanduku moja la chuma, akafa kwa homa kabla hajalifungua. Wa pili alijifunza kutokana na yaliyompata mwenzake, akaamua kuihudumia Ngarasi kwa maombi tu, akiwa mlimani. Baada yake cheo kilikaa wazi miaka mingi na hakuna aliyegundua. Kilikumbukwa uhuru ulipokaribia. Wakubwa walitaka pawepo askofu mwananchi wa kupigwa picha, lakini kiti cha askofu kilikuwa bado kina mtu, na mtu huyo alikuwa na afya njema. Ndipo mmoja wao alipouliza: je, hatukuwahi kuwa na kacheo fulani bondeni? Basi taifa likapata askofu wake wa kwanza mweusi. Alipewa kofia, pete, fimbo ya kichungaji na joho jekundu. Alipewa kila kitu isipokuwa pa kukaa.

*

Habari ya kukaa inahitaji maelezo, kwa sababu Makanisa mengine hayana utaratibu huu na huenda wasomaji wa nje wakatuona wa ajabu.

Zamani zile wapagazi walipewa viti viwili vya kupandisha mlimani. Kimoja kilisombwa na mto. Kilichobaki akakikalia Askofu, na msaidizi akasimama. Viti vilipokuja kuwa vingi, kusimama kwa msaidizi kulikuwa kumeshakuwa mapokeo, na mapokeo hayaondolewi kwa sababu tu ya kupatikana samani. Katiba ya Dayosisi ikaandika wazi: msaidizi hatakaa mbele ya kiti cha Askofu, awe kanisani, mkutanoni au mezani. Ikaandika tena kwamba Askofu huwa Askofu pale anapokikalia kiti, wala si kabla. Kura, mafuta na nyimbo ni mapambo. Kinachomfanya mtu kuwa Askofu ni makalio yake kugusa mbao.

Kiti chenyewe ni cha mninga, na kina historia yake. Mmoja wa maaskofu wetu alikuwa mfupi sana, na ilimkera kwamba kila alipokaa, msaidizi aliyesimama pembeni alionekana kama ndiye mkubwa. Akamwita fundi, kiti kikaongezwa miguu mpaka aliyekaa akawa kimo kimoja na aliyesimama. Askofu yule alikipanda kwa kingazi kilichofunikwa kitambaa chekundu. Baadaye, televisheni ya taifa ilipoanza kurusha ibada, Wizara ya Habari ilikitia magurudumu ya mpira ili kiweze kusukumwa kwenye mwanga mzuri. Watu husema Kanisa halibadiliki. Si kweli.

*

Sasa nimfikie Askofu Msaidizi wa mwisho, Baba Askofu Silvano Mkombe.

Ni mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kukohoa. Kazi zake zilikuwa zile ambazo Askofu wa Dayosisi, Baba Askofu Hezekia Pangaro, hakuwa na nafasi nazo, na Baba Askofu Pangaro hakuwa na nafasi kabisa. Alitoa kipaimara kila mahali pasipofika gari. Alibariki visima, mizinga ya nyuki, na vyoo vya shule za msingi. Alizika wakwe wa waheshimiwa. Alihudhuria vikao ambavyo aliruhusiwa kuzungumza lakini si kupiga kura, na mara nyingine kupiga kura lakini si kuzungumza, na vyote hivyo alivihudhuria kwa miguu yake miwili, wima, ukutani, karibu na birika la chai.

Aliwawekea watoto mikono vichwani kwa miaka mingi mpaka mikono ikafa ganzi. Alianza kwa kutosikia nywele. Kisha hakusikia vichwa. Watoto wa mbele walimwambia anawabonyeza, naye akawa anamwangalia mzazi usoni ili ajue mkono wake umefika au bado. Ganzi ikahamia miguuni, kwa ajili ya kusimama. Daktari alimweleza kwamba mishipa imechoka na kwamba dawa yake ni kukaa. Baba Silvano aliniletea cheti cha daktari, nami nikakipeleka kwenye Kamati ya Mapokeo, ambayo ilimwombea.

Asubuhi ilimbidi ainame atazame kama ameshavaa viatu. Aliniambia hili kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua imeanza. Nami nililipokea kwa sauti ya kawaida.

*

Kuhusu Ngarasi yenyewe, ilizamishwa. Serikali ilijenga Bwawa la Shukrani, na maji yalipopanda, mji ukashuka. Wananchi walipandishwa kilimani, mahali palipoitwa Kambi ya Muda, wasubiri Ngarasi Mpya ijengwe. Waliopanda wakiwa wachanga sasa wana wajukuu kambini. Kwa kuwa wakazi ni wa muda, kila kitu kwao ni cha muda: mahema ya muda, vyoo vya muda, cheti cha kuzaliwa cha muda. Hata makaburi ni ya muda. Hairuhusiwi kujengea kaburi wala kuweka jiwe, ila kijiti tu, kwa sababu marehemu naye anasubiri kuhamishwa.

Mtu atauliza kwa nini Serikali haikuwafukuza tu. Serikali yetu haifukuzi watu, inafuata sheria. Na ilikuwapo Sheria ya Miji Isiyoonekana, iliyosema kwamba mji utahesabika upo maadamu yupo hai mtu mmoja mwenye cheo chenye jina la mji huo. Ilitungwa na chama tawala, kwa sababu baada ya kuzama Ngarasi ilikuwa ikikipa chama kura nyingi kuliko ilipokuwa nchi kavu. Mji ukiwapo, watu wake wana haki ya kukaa pale walipowekwa mpaka wajengewe. Mwanzoni walikuwapo wenye vyeo wengi: mkuu wa wilaya wa Ngarasi, mbunge wa Ngarasi, bwana posta wa Ngarasi. Mmoja baada ya mwingine wakastaafu, wakaunganishwa, wakafutwa. Siku moja Wizara ikahesabu ikakuta amebaki mmoja tu, na huyo ni wa Kanisa.

Ndipo Mheshimiwa Dastan Kirumbi, Waziri wa Makazi na Utulivu, alipokuja ofisini kwangu. Alikuwa na mchoro wa hoteli. Ilikuwa hoteli nzuri, yenye baraza refu la kutazamia bwawa, nayo ilisimama juu ya kilima ambacho nilikitambua. Aliniuliza askofu msaidizi hufanya nini hasa. Nikamweleza. Akauliza kama anaweza kufutwa. Nikamjibu kwamba hawezi. Askofu ni askofu mpaka afe. Mheshimiwa akakitafakari kifo kwa muda, kisha akaniuliza, kwa upole sana, kama askofu msaidizi anaweza kupandishwa.

"Anaweza," nikamwambia, "endapo kiti kitakuwa wazi."

"Basi kitakuwa wazi," akasema Mheshimiwa, akakunja mchoro wake.

Wiki ile ile Baba Askofu Pangaro aliteuliwa kuwa balozi wetu katika nchi ya visiwa ambayo Wizara ya Mambo ya Nje bado inaitafuta. Aliagwa kwa ngoma. Sinodi ikakutana, ikamchagua Baba Silvano Mkombe kwa kauli moja kuwa Askofu wa Dayosisi. Wajumbe wawili walionyamaza walihesabiwa kuwa wamezidiwa na furaha. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama karibu na birika nilipomtangaza. Alikitazama kiti cha mninga, kisha akatazama viatu vyake.

*

Jioni ile Mama Keziah Mwanandi, mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama wa Ngarasi, alikuja kumwona Baba Silvano. Nilikuwapo kwa sababu katibu huwapo. Mama Keziah ni mwanamke wa makamo, mnene kiasi, asiyeomboleza ovyo. Alizaliwa nyuma ya soko la chumvi, mahali ambapo sasa samaki wanapita. Mumewe, Elinazi, amelala kambini chini ya kijiti.

Alimpongeza kwanza, kama inavyopasa. Kisha akamweleza habari ya hoteli, maana vibarua walikuwa wameshaanza kupima kilima na walikuwa wanaongea sana. Matingatinga yangeanzia upande wa makaburi, ambako udongo ni laini. Alieleza sheria ile pia, na aliijua vizuri kuliko ilivyotazamiwa, kwa sababu watu wa Kambi ya Muda hawana kingine cha kusoma.

Baba Silvano alimsikiliza akiwa amesimama. Hapakuwa na kiti cha Askofu chumbani mle, angeweza kukaa, lakini alikuwa ameshasahau.

"Nataka kukaa, Mama," akasema mwishoni. "Sitakudanganya. Nimechoka."

"Najua, Baba."

"Daktari ameniambia nikae."

"Najua. Lakini ukikaa wewe, sisi tunaondoka. Na mimi sina pa kumpeleka Elinazi."

Mama Keziah hakumbembeleza. Aliniambia baadaye, tukiwa kizingitini, kwamba alimwonea huruma, na kwamba kama angekuwa yeye, mwenye miguu ile, angekaa. Nilimwambia kwamba nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli, kwa masikio.

*

Siku ya kusimikwa Kanisa Kuu lilijaa. Wamo mabalozi, wamo majenerali, imo kwaya ya Wizara ya Makazi na Utulivu katika sare mpya. Watu wa Ngarasi walipewa nafasi nje, kwenye jua, chini ya kipaza sauti kisichofanya kazi, isipokuwa Mama Keziah aliyeingia kwa kuwa alikuwa mwakilishi wa akina mama na alikuwa na ufito wa bendera mkononi. Malori ya kuhamisha yalikuwa yameegeshwa barabarani, injini zikiwaka, ili kuokoa muda.

Mheshimiwa Kirumbi alitoa hotuba. Alisema kwamba Serikali haina dini lakini ina adabu. Alisema kwamba mtu aliyesimama kwa miaka mingi amefundisha taifa zima kusimama, na kwamba sasa taifa, kwa kushukuru, linamwambia akae. Alisema kwamba kukaa ni maendeleo. Tulipiga makofi.

Baba Silvano aligonga mlango mara tatu kwa fimbo, akafunguliwa, akaletwa mpaka mbele ya kiti. Mkuu wa Kanisa Kuu akamsihi kwa maneno ya ibada: keti, mchungaji wetu. Hakuketi. Akamsihi mara ya pili, kwa sauti ya juu. Baba Silvano akageuka kwetu, akashika fimbo kwa mikono yote miwili, akiitazama ili ahakikishe ameishika.

"Nitasimama," akasema.

Si mtu wa hotuba. Kwaya ikaimba wimbo wote, ikaurudia, naye amesimama. Mabalozi wakatazama saa zao. Jasho likamtiririka kutoka kwenye kofia, na hakulifuta kwa sababu hakuwa analisikia. Nilimwona Mama Keziah akilia bila sauti, mdomo umefumbwa. Ilikuwa ni mara ya kwanza katika historia ya cheo kile kwa msaidizi kusimama kwa hiari yake, na kwa ajili hiyo nimeona nikitaje kitendo hiki katika kurasa za jubilei, kama Kamati itaridhia.

Mheshimiwa Kirumbi hakukasirika. Alimwita Mkuu wa Kanisa Kuu, akamnong'oneza. Mkuu wa Kanisa Kuu akarudi kwenye kipaza sauti, akasema kwamba mbele ya jambo zito kama hili hatuna budi kuomba, tena kuomba kwa kufumba macho.

Tukafumba. Mimi sikufumba, kwa kuwa katibu huandika yanayotokea. Baba Silvano alifumba macho kabisa, kwa kuwa yeye huomba kweli.

Mkuu wa Kanisa Kuu aliliombea taifa, mvua, na mipaka yetu yote kwa majina. Alipofika mpaka wa kaskazini, askari wanne waliovua viatu walitoka nyuma ya madhabahu, wakakishika kiti cha mninga, wakakisukuma. Magurudumu ya mpira hayana kelele. Kiti kikaja taratibu mpaka nyuma ya joho jekundu, kikagusa, kikasukumwa kidogo tena. Mtu mfupi angehitaji kingazi. Baba Silvano ni mrefu. Ilitosha magoti kulegea kidogo, nayo yalikuwa yamelegea zamani. Nyayo zake zilibaki sakafuni. Kichwa chake kilibaki pale pale kilipokuwa. Uso wake haukubadilika, kwa sababu hapakuwa na habari yoyote iliyoufikia.

Nikaandika: Askofu amekaa. Nikaandika na saa.

Tulipoitika amina na kufumbua macho, Kanisa Kuu zima lililipuka kwa makofi. Majenerali walisimama. Kengele zikapigwa. Nje, malori yakaanza kuondoka kuelekea kilimani. Na Baba Silvano akatutazama, akaona watu wote wanampigia makofi, hata Mheshimiwa, naye akatabasamu. Sijapata kumwona akitabasamu vile. Alidhani tunampongeza kwa kukataa.

*

Kwa hiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu, cheo cha Askofu Msaidizi wa Ngarasi kiko wazi tangu siku ile, na mji wa Ngarasi haupo. Kamati ya Mapokeo inatafuta mji mwingine wa kubeba jina la msaidizi ajaye. Hoteli imeonyesha nia.

Nimalizie kwa salamu za pongezi, kama ilivyo desturi ya taarifa hizi. Waumini walipita mmoja mmoja kubusu pete ya Askofu mpya. Mama Keziah alikuwa karibu na mwisho. Nilisimama kando yao, kwa hiyo nilisikia yote. Baba Silvano aliinama mbele kidogo, akamwuliza kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeuliza kama nguo yake iko sawa:

"Mama, niangalie miguu. Nimesimama bado?"

Mama Keziah alimtazama. Alizitazama nyayo zilizotulia sakafuni, na joho lililofunika mbao za mninga, na mimi, na kalamu yangu.

"Umesimama, Baba," akasema. "Hujakaa."

Akabusu pete, akajifunga khanga upya kiunoni, akatoka kwenda kuazima jembe.